Bwana Harusi wa Kipengele cha Kumi na Nne

"Fomu hii inasema huna mke, Bwana Lotiir."

Kwa maneno hayo tuliagana wiki iliyopita, na tangu hapo maskini Lotiir amesimama mbele ya dirisha la karani wa hospitali ya misheni pale Kakuma, ameachama. Tusimcheleweshe. Ni saa tano asubuhi, na saa ni jambo kubwa katika habari hii.

Karani Etabo aliigeuza fomu ya bima na kuisukuma kwake kwa ncha ya kalamu.

"Mwandiko ni wa nani?"

Ulikuwa wake. Katika wilaya nzima ya Turkana hakukuwa na mwingine aliyeandika herufi zilizosimama wima namna ile, kama askari wa gwaride. Hali ya ndoa: mseja. Na kwa kuwa Lotiir hakupenda kuacha jambo nusu, alikuwa ameweka nyota ndogo juu ya neno hilo, na chini ya ukurasa akafafanua: "Naishi na mwanamke na watoto wawili, lakini kwa mila ng'ombe wa harusi bado hajauawa, hivyo ndoa haijatimia."

"Hiyo ya chini isome kwa sauti," akaomba mzee mmoja kwenye foleni, aliyefungwa bendeji mguuni.

Etabo akaisoma. Foleni ikacheka. Hata mtoto aliyekuwa akililia sindano alinyamaza ili asikie.

Lotiir hakuweza kuwalaumu. Angekuwa kwenye foleni, angecheka pia, kisha angesahihisha alama za kituo.

Kwa msomaji ambaye gazeti hili limemfikia leo likiwa limefunga sukari, tueleze upesi. Lotiir ni mpima mvua wa Idara ya Maji mjini Lodwar. Kila siku saa tatu asubuhi hufungua kipimo, huchungulia ndani, huona vumbi, huandika 0.0. Sifuri moja ingetosha, lakini yeye aliiona haina uzito wa kiofisi. Kwa miaka saba ameishi mtaa wa Kanamkemer na Rispa, binti wa mfugaji Longor. Kanamkemer yote humwita Rispa mke wake. Yeye mwenyewe humwita hivyo. Ila chini ya ile fomu ya bima kulikuwa na mstari usemao, "Natangaza kwamba yote niliyoandika ni kweli," na katika watu wote waliowahi kuutia sahihi mstari huo, ni Lotiir peke yake aliyeuamini.

"Mgonjwa yuko wodini," alisema sasa. "Daktari amesema leo."

"Najua alichosema daktari."

Kila mtu alijua. Ndani ya ini la Rispa kulikuwa na uvimbe uliojaa maji, ule ugonjwa unaotokana na mbwa ambao nyumba nyingi za Turkana zinaujua. Miezi minne majirani walimpongeza wakidhani ni mimba, na Lotiir alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya mwezi wa kujifungua. Daktari mpasuaji alikuja kwa ndege ndogo mara moja kila miezi mitatu. Ndege ilikuwa inaondoka leo saa kumi jioni. Na asubuhi ile, baada ya kuubonyeza uvimbe kwa vidole viwili, daktari alisema maneno machache tu: "Miezi mitatu mingine hautangoja. Ukipasukia ndani, sitakuwa na la kufanya."

"Etabo, ndugu yangu, lazima kuna njia."

"Njia ziko tatu. Mfugaji asiye na mshahara analipiwa na mfuko wa misheni. Mkimbizi analipiwa na wanaosimamia kambi. Mwenye mshahara, na wote wa nyumba yake, wanaleta bima."

"Na ile ya serikali wanayonikata kila mwezi?"

"Ile inalipa kitanda. Kitanda unacho. Kisu ndicho huna."

Lotiir akaitazama ile foleni. Mzee wa bendeji alikuwa na njia yake. Yule mama wa Kisudani mwenye mtoto alikuwa na njia yake. Katika Kakuma nzima asubuhi ile, mtu pekee asiyekuwa na mlango wa kupitia alikuwa yeye, aliyetumia miezi mitatu akichagua mlango bora.

Naam, miezi mitatu. Alichora jedwali la kurasa saba. Kampuni ya kwanza ilikuwa rahisi, lakini hospitali ya karibu kwenye orodha yake ilikuwa Kitale, na kabla ya Kitale kuna Kainuk, ambako magari hukusanyika kungoja askari wa kuyasindikiza. Mgonjwa mahututi hangojei msafara. Akaifuta. Ya pili ililipa hata dawa za homa, ila iliwahesabu watoto kama abiria wa ziada. Akaifuta. Ya tatu, Kimbilio, ilikuwa na hospitali ya Kakuma kwenye orodha, ililipa upasuaji, na mchango wake haukumnyima mtu chakula cha jioni. Akaizungushia duara, akajaza fomu yake.

Kulikuwa na ya nne. Rispa aliitaja mara moja, akisuka kikapu: chama cha wanawake wa soko la Kakuma. Lotiir aliiandika kwa heshima kwenye jedwali, na mbele yake akaweka uamuzi: "Hakifai. Hakina takwimu."

"Ongeza jina lake sasa hivi," alimwambia Etabo. "Andika mke."

"Mke aliyesahauliwa anaongezwa, halafu anangoja siku tisini. Ni kanuni yao. Unaijua."

Aliijua. Ilikuwa kipengele cha kumi na tatu. Alikuwa amekipigia mstari kwa rula.

Na hapo, wasomaji, kichwa kile kilichomtia shimoni kikamrushia kamba. Baada ya kumi na tatu huja nini?

"Kumi na nne!" alipiga kelele.

"Kumi na nne nini?"

"Mke aliyeolewa baada ya bima kuanza anaingia bila kuulizwa afya yake! Nilikisoma nikaandika pembeni, kampuni hii itafilisika. Etabo, mimi ni mseja! Umesoma mwenyewe! Nikioa leo, ni mke mpya!"

Etabo aliitazama tena ile nyota. Kisha akainuka na kwenda kwenye chumba cha redio. Lotiir akamfuata, na nyuma ya Lotiir ikafuata nusu ya foleni.

"Kimbilio Kitale, Kimbilio Kitale, hapa Kakuma. Mwanachama wenu anauliza kipengele cha kumi na nne. Ova."

Redio ikakwaruza. "Kakuma, kipengele kipo. Ndoa ya kanisa, ya serikali au ya mila, zote sawa. Tunataka barua ya chifu yenye muhuri na saa ya ndoa. Ova."

"Umesikia?" Lotiir alimshika Etabo bega. "Ya mila!"

"Nimesikia. Sasa kaposwe."

"Kapose," akasahihisha Lotiir, akatoka mbio.

*

Rispa alikuwa amelala chali katika wodi ya wanawake, tumbo limeinua shuka. Tangu jana usiku alikuwa amekatazwa chakula, na tangu alfajiri hata maji.

"Baba Akal," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "mbona unanichungulia kama kile kipimo chako?"

"Rispa, nataka kukuoa."

Vitanda vya jirani vikageuza vichwa.

"Lini?"

"Kabla ya saa kumi."

Mgonjwa wa kitanda cha tatu akacheka mpaka akashika mshono wake. Rispa hakucheka. Alimtazama Lotiir kwa makini, kama mtu anayekagua mbuzi anayeuzwa rahisi mno.

"Miaka saba nimengoja ng'ombe huyo. Leo nimefungwa mdomo hata mate nameza kwa ruhusa, ndipo umekumbuka nyama?"

"Ni kwa sababu ya bima. Kuna kipengele cha kumi na nne."

"Wenzangu waliposwa kwa ngamia," Rispa akaviambia vitanda vya jirani. "Mimi naposwa kwa kipengele."

"Unakubali hukubali?"

"Mwenye binti yuko nje. Muulize. Lakini ngoja kwanza, Baba Akal, kuna jambo la Aluel ambalo..."

Lotiir alikwisha kufika mlangoni. Mtu mwenye saa nne na nusu hawezi kusikiliza habari za rafiki wa sokoni. Tutaona ilimgharimu nini.

*

Mzee Longor alikuwa nyuma ya jiko la hospitali, mahali ambapo moshi hufukuza nzi, amekalia kigoda chake na mkuki ameuegemeza ukutani.

"Ejok, Baba."

"Ejok. Mvua imenyesha?"

Ndivyo alivyomsalimu kwa miaka saba. Lotiir aliwahi kuahidi, mbele ya mashahidi, kwamba atamaliza mahari mvua ikinyesha. Wakati ule aliiona ahadi ya busara sana.

"Bado, Baba."

"Una hakika? Si wewe unayepima?"

"Mwezi wa nne zilipatikana milimita sita nukta mbili."

"Naikumbuka. Kondoo wangu mmoja alilowa."

Lotiir akachuchumaa akamweleza yote: fomu, nyota, Kitale, kipengele. Longor alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, mzee akatema mate pembeni.

"Kwa hiyo hao watu wa Kitale ambao hawajamwona wanataka Rispa aolewe leo."

"Ndiyo, Baba."

"Wamekushinda haraka."

Lotiir aliona ni kweli tupu, na ukweli humshinda siku zote.

"Haya," Longor akasema. "Mifugo iliyobaki utaileta, mvua au jua. Lakini ng'ombe wa harusi ni leo. Maksai mzima, si kilema. Mbele ya watu. Rispa akiona kwa macho yake. Na atakayerusha mkuki ni wewe, si kijana wa kukodi."

"Mimi sijawahi kurusha mkuki, Baba."

"Utajifunza. Umesoma."

*

Saa saba na robo Lotiir alikuwa na maksai. Alimpata kwa mchuuzi mmoja aitwaye Adome, kwa kubadilishana na baiskeli yake iliyokuja naye juu ya lori kutoka Lodwar, pamoja na koti lake la mvua. Adome alilinusa koti. Lilikuwa na umri wa miaka sita na bado lilinuka plastiki ya dukani.

"Limewahi kulowa?"

"Hapana."

"Basi ni jipya," alisema Adome, akalivaa juani.

Saa nane kasorobo, naibu wa chifu alikuwa ameandika barua na kuacha nafasi ya saa. Etabo aliichukua aende kuisoma redioni, ili dhamana iwe tayari mara tu ng'ombe atakapoanguka. Daktari, aliyekuwa akimaliza mgonjwa mwingine, alitoa jibu kupitia muuguzi: Rispa atolewe hadi langoni, dakika kumi, asiguswe na mtu wala asipakwe kitu cha mila. Atapasuliwa saa tisa kamili, wa mwisho kabla ya ndege.

Nusu ya Kakuma ikajaa kwenye uwanja ulio kati ya lango la hospitali na mto Tarach, ambao siku hiyo, kama siku nyingi, ulikuwa mchanga mtupu. Wafugaji walikuja kwa sababu ni harusi. Wasudani wa kambini walikuja kwa sababu wafugaji walikuja.

Maksai alifungwa kwenye kisiki. Lotiir alisimama hatua kumi mbele yake na mkuki wa mkwewe, amevaa suruali yake ya kazini yenye mkunjo wa pasi. Alikadiria pembe. Alikadiria upepo. Aliona kwamba kwa hesabu, haiwezekani kukosa.

Akarusha.

Mkuki ulipita juu ya mgongo wa maksai na kujichimbia mchangani.

"Sifuri nukta sifuri!" akapiga kelele mtu wa Lodwar katikati ya umati.

Lotiir akauchomoa, akarudi, akarusha tena. Safari hii uligonga pembe. Maksai, ambaye hadi hapo alikuwa ameyavumilia mambo haya kwa adabu, alivuta kichwa mara moja. Kamba ikakatika. Umati ukapasuka katikati, na ng'ombe wa harusi akashuka Tarach kwa mbio, akamwacha bwana harusi katika vumbi lake.

Longor aliokota mkuki. Umri wake ulikuwa karibu sabini, lakini alishuka mtoni kama mtu aliyeitwa kwa jina, na vijana wake watatu nyuma yake.

Kwenye machela pale langoni, Rispa alikuwa amefunika uso kwa mkono. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Lotiir alipokaribia aliona kwamba anacheka.

"Usinichekeshe," alisema kwa shida. "Inauma. Baba Akal, hata ng'ombe amekataa."

"Baba atampata. Hajawahi kukosa."

Ndipo Etabo alipotokea, anakuja mbio kutoka chumba cha redio, barua mkononi.

"Msimamishe! Simamisha harusi!"

"Nini tena?"

"Kitale wamekisoma kipengele chote. Kina sentensi mbili."

"Ni sentensi moja," alisema Lotiir. "Nilikinakili mwenyewe."

"Ya pili inasema: 'Ulinzi wa mke mpya utaanza saa sita ya usiku unaofuata siku ya ndoa.' Ukimuoa sasa, bima inaanza usiku. Ndege inaondoka saa kumi."

Lotiir alifumba macho. Akauona ukurasa wa tano wa jedwali lake. Akaona safu ya vipengele, jinsi alivyoipiga rula nyembamba ili jedwali lipendeze. Sentensi ya pili haikuenea. Aliiacha kwa muda, akakusudia kuirudia.

Alikuwa amemkata mke wake kwa ajili ya ukingo wa karatasi.

"Dakika ishirini," muuguzi alisema. "Daktari ananawa."

"Mimi iko hapa! Nyinyi nasema bila mimi!"

Umati ulipisha. Mwanamke mrefu wa Kidinka alipita katikati, kitambaa cha njano kichwani na daftari kwapani. Alikuwa Aluel, muuza mahindi na vikapu wa soko la Kakuma, mkuu wa kile chama ambacho Lotiir alikihukumu kwa maneno matatu.

"Nani iko mume ya hii mama?" aliuliza, akimtazama Lotiir kana kwamba anajua jibu na halimpendezi.

"Ni mimi. Karibu. Yaani, bado kidogo."

"Wewe ndiye nasema chama yetu haina takwimu?"

Lotiir alimgeukia Rispa. Rispa alikuwa akilitazama anga.

"Rispa iko memba," Aluel alisema, akifungua daftari na kumwonyesha Etabo. "Mwaka mbili. Kila wiki naleta kikapu moja na lori ya Lodwar. Hakuna wiki naruka. Operesheni hii tunalipa sisi, leo, sasa."

"Chama cha Aluel tunakijua," Etabo alisema taratibu, akimgeukia Lotiir. "Kimeleta wagonjwa kumi na mmoja hapa. Hakijawahi kutuchelewesha hata siku moja. Kama wanasema wanalipa, wamelipa."

Miaka miwili. Vikapu mia moja na vinne. Lotiir alikuwa amevipita vikapu hivyo mlangoni mwake kila wiki, na mara moja, Mungu amsamehe, alilalamika kwamba vinamnyima nafasi ya kutandaza jedwali.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza Rispa.

"Nilikuambia. Uliandika hakifai."

"Basi tumepona! Muuguzi, mpeleke ndani!"

"Ngoja," alisema Aluel, na kidole chake kikatua kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. "Sharia ya chama iko moja. Sisi ni wajane na wanawake haina mume. Mwenye mume, mume ndiyo bima yake. Asubuhi Rispa haina mume. Mimi nasikia sokoni mnaoa. Kwa hivyo nauliza, mbele ya hii watu yote: Rispa ameolewa ama hajaolewa?"

Uwanja mzima ukamgeukia Lotiir.

Kisha, kutoka mtoni, vijana wa Longor wakapiga ukelele wa wawindaji walioziba njia zote.

Lotiir aligeuka. Kule chini, maksai alikuwa amebanwa kwenye ukingo wa Tarach, hana pa kwenda. Mbele yake, hatua tano, mzee Longor alikuwa ameinua mkuki juu ya bega.

Wasomaji, kwa saa tatu mtu huyu alitaka ng'ombe yule afe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Sasa akakimbia. Alikimbia na viatu vyake vya ofisini vikijaa mchanga, suruali ya pasi ikipasuka gotini, mikono hewani, na alipoona hafiki, alipaza sauti ambayo Idara ya Maji haikuwahi kuisikia:

"Baba, usimwue! Sioi! Leo sioi!"

Sauti ilikwenda mtoni na ikarudi. Ilifika sokoni. Ilifika langoni, kwenye machela.

Mkuki wa Longor ulibaki hewani. Ukashuka polepole. Maksai akapita kando ya mzee na kwenda zake.

Longor alipanda kutoka mtoni bila haraka. Alimpita Lotiir kama mtu anayepita kichaka. Lotiir akamfuata akimweleza nyuma ya bega, kwa mpangilio, kuhusu saa sita ya usiku, na vikapu, na sheria ya chama. Kila neno lilikuwa la kweli. Mzee hakugeuka hata mara moja.

Langoni Rispa alikuwa ameacha kucheka.

"Hajaolewa," Lotiir alimwambia Aluel, akihema. "Ng'ombe yuko hai. Umeona."

"Nimeona," alisema Aluel. "Chama nalipa."

"Dhamana imekubaliwa," Etabo alisema, akaandika, akapiga muhuri. "Sasa bado karatasi ya ruhusa ya kisu. Mume anatia sahihi..." Akaitazama karatasi, kisha akamtazama Lotiir, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa na huruma. "Hana mume. Basi anayetia sahihi ni baba yake."

Alimnyooshea Longor karatasi na kibweta cha wino.

Mzee aliubonyeza wino kwa kidole gumba. Akakiinua kidole, akakitazama, akawatazama watu wote waliokusanyika kuanzia wafugaji wake hadi wageni wa kambini.

"Huyu amesema hamuoi. Amelisema mbele ya uwanja mzima, kwa sauti ambayo hata viziwi wameisikia. Vema. Basi binti ni wangu, na watoto wawili ni wangu." Akakipangusa kidole kwenye shuka lake. "Dada yangu aliingizwa kwenye nyumba hii akitembea, akatolewa amefungwa kwenye mkeka. Mke wa mtu ningemwachia mumewe aamue; binti yangu hakatwi."

"Mzee, uvimbe utapasuka," alisema muuguzi.

"Hakatwi. Tunakwenda nyumbani. Shikeni."

Vijana watatu wakaishika machela, wakaielekeza upande wa mto. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji daktari alisimama na mikono iliyonawa, ameiinua, anangoja.

Lotiir aliangalia karatasi. Aliangalia saa. Ilikuwa tisa kasoro dakika tatu.

"Baba Akal," aliita Rispa.

Machela ikaanza kwenda. Rispa akanyoosha mkono, akaikamata nguzo ya lango, na hakuiachia. Tuagane hapo hadi wiki ijayo.